Vumbi la Tabaka na Kitovu cha Mtoto

Vijana wa maabara, mlinifanyia karamu nzuri ya kuniaga, mkanipa blanketi na saa ya ukutani. Kwa blanketi nashukuru. Saa mngebaki nayo, maana mtu aliyestaafu anaangalia saa ya nini? Halafu mmoja wenu, mdomo umejaa keki, akaniuliza, "Mzee Nyakundi, kabla ya hizi mashine zetu mlikuwa mnafanya nini humu ndani siku nzima?" Mlicheka wote, nami nikacheka, lakini swali lilinikaa rohoni. Ninalijibu hapa. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua wenyewe.

Niliingia kazini mjini Kisii mwanzoni mwa miaka ya sitini, kabla bendera yetu haijapandishwa. Maabara ya hospitali ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama migomba. Tulikuwa na hadubini moja ya shaba, stovu ya mafuta ya taa, sufuria ya presha ya kuchemshia vyombo, na kabati la joto la kukuzia vijidudu, ambalo nalo lilipashwa moto kwa taa ya mafuta. Nyuma, amefungwa kwenye kigingi, alikuwepo kondoo wa serikali. Huyo tulimtoa damu kidogo tukaichanganya kwenye jeli ya kukuzia, kwa sababu vijidudu vingine ni walafi na havili mpaka vione damu. Kila Krismasi wauguzi walimkodolea macho kondoo yule, na kila Krismasi ilibidi tumlinde.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Odhiambo, mtu wa upande wa ziwa, mrefu, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi likapigika. Hakujua Ekegusii, lugha ya kwetu, nami sikujua Kijaluo, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili, na kila mmoja alimsahihisha mwenzake kwa makosa. Aliniita mtu wa ndizi, nikamwita mtu wa samaki, mambo yakaenda. Siku ya kwanza alinioshesha mirija ya kioo mpaka vidole vikajikunja. Nilipouliza nitaanza lini kutazama kwenye hadubini, akasema, "Ukishajua kuosha. Asiyejua kuosha ataona uchafu wake mwenyewe halafu aandike ni ugonjwa wa mtu."

Kisha akanipa kazi ambayo nilidhani ni mzaha. Alinikabidhi sahani ndogo za kioo zenye jeli, zimefunikwa, akaniambia niende nazo nyumbani kwetu Manga. "Ingia ndani ya nyumba, funua sahani, iache wazi kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, ufunike. Nyingine fanya hivyo jikoni. Nyingine nje chini ya mgomba. Urudi nazo bila kuzitikisa." Nikauliza natafuta nini. "Wapangaji," akasema.

Sasa, mama yangu alikuwa mwanamke msafi kupita kiasi. Sakafu yake ya udongo ilisiribwa kwa mavi ya ng'ombe na majivu kila wiki, laini mpaka unaona haya kuikanyaga. Aliponiona ninakuja na kikapu cha maabara, alifanya kile ambacho kila mama wa kwetu angefanya: alishika ufagio akaifagia nyumba upya, haraka haraka, vumbi likapanda mpaka kwenye mianzi ya paa. Ndipo akanikaribisha. Nikafunua sahani yangu, tukanywa chai.

Baada ya sahani kukaa kwenye kabati la joto, Bwana Odhiambo alizipanga mezani. Ile ya chini ya mgomba ilikuwa na vidoa vichache. Ya jikoni, penye moshi, wastani tu. Ile ya sebuleni kwa mama yangu, lo! Ilijaa. Vidoa vyeupe, vya manjano, vya waridi, na ukungu wa kijani ulionyanyuka na manyoya yake. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nikamweleza kwamba alikuwa amefagia wakati huo huo, kwa heshima yangu.

"Ndiyo maana," akasema. "Vumbi likiwa limelala, limelala. Mgeni anakuja, tunaliamsha, halafu tunamkaribisha alivute. Mwambie mama anyunyize maji kwanza ndipo afagie. Na usimtajie sahani."

Nilimtajia. Nilikuwa kijana. Mama aliegemeza ufagio ukutani, akasema, "Nyakundi, nimekusomesha ili uje unifungulie mashtaka nyumbani kwangu?" Nilikula ugali mkavu jioni hiyo. Lakini wiki iliyofuata nilimwona akinyunyiza maji kabla ya kufagia, akijifanya hanioni, nami nikajifanya simwoni.

Nisiwatishe bure. Wengi wa wapangaji wale hawana neno na mtu. Wanakula ngozi kavu tunayoangusha, makombo, unyevu wa ukutani, na wanaishi nasi tangu kuzaliwa. Nilijifunza kuwatambua kama mchungaji anavyotambua mbuzi wake, nikawapenda, na hadi leo nikiona jua limepiga dirishani na chembe zinaelea, nawasalimu. Ila wapo wachache ambao usingizi wao si mwema. Hao nilikutana nao kwa sababu ya mama mmoja kutoka Tabaka, na ni habari yake hasa ninayotaka muijue.

Jina lake Kemunto. Alitoka Nyamira kwenye mashamba ya chai, akaolewa Tabaka na Onchari, mchongaji wa mawe. Wakati huo, miaka ya sabini ilipoanza, mawe laini ya huko yalikuwa yameanza kuwa na soko. Kila boma lilikuwa na mtu anayechonga sanamu za viboko, bakuli na vinyago, na mvua ikinyesha kazi ilihamia ndani. Kemunto alikuja hospitalini na mtoto mchanga aliyekakamaa, taya zimefunga, hawezi kunyonya. Ukimgusa tu mwili unapinda. Nesi alileta kwetu kijiti cha pamba alichopangusia kitovu. Mtoto alifariki kabla hatujamaliza kazi. Alikuwa mtoto wake wa pili, na wa kwanza alikuwa amekwenda hivyo hivyo, katika wiki yake ya kwanza.

Pepopunda, sote tulijua. Kilichonisumbua ni pamba yenyewe: ilikuwa nyeupe kwa unga laini uliogandamana. Nilimfuata Kemunto alipokuwa amekaa kwenye benchi la nje, nikampa pole, nikamuuliza kwa lugha ya nyumbani unga ule ni wa nini.

"Ni unga wa mawe," akasema. "Kwetu Nyamira hatuna. Huku watoto wote wanapakwa. Mama mkwe anaukusanya yeye mwenyewe, anauchunga kwa kitambaa, anauweka kwenye mkebe. Unakausha kitovu vizuri kuliko poda ya duka."

Nilirudi ndani nikifikiri nimemkamata mwizi. Tulikuwa na kipande cha jiwe la Tabaka kilichoshikilia mlango. Nikakikwangua, nikaupanda unga wake, nikangoja. Hakikuota kitu. Nikapanda tena. Hakikuota kitu. Nikamwambia Bwana Odhiambo kwamba unga hauna hatia.

Hakuinua hata kichwa. "Wewe umepima jiwe. Wao hawapaki jiwe. Wanapaka kilichoanguka kutoka kwenye jiwe kikalala nyumbani kwao. Na nyumbani kwao analala nani mwingine?"

Haya, mtu wa ndizi akarudi kuosha mirija.

Miezi mingi ikapita. Siku moja Kemunto akaja mwenyewe mlangoni pa maabara, na tumbo lake la tatu. Hakukaa. Alisema akiwa amesimama, mikono imeshika leso: "Daktari, kule nyumbani wanasema nina mkosi. Mama mkwe hasemi, lakini shemeji wanasema. Onchari ameambiwa huyu akienda na mimi niende, nirudishwe kwetu, aoe mwingine. Huyu akifa sina mtoto na sina nyumba. Ulikuwa umeuliza habari ya unga. Niambie ulichopata." Nilimweleza kwamba mimi si daktari. Akasema hilo si jibu, na ni kweli halikuwa jibu.

Sindano ya kukinga kina mama wajawazito ilikuwepo kwenye vitabu. Kwetu ilikuwa adimu. Leo ipo, kesho friji imezimika. Nesi aliahidi kuitafuta, na sikutaka kuweka maisha ya mtoto juu ya friji. Tukaamua kwenda Tabaka, Bwana Odhiambo na mimi, na kikapu chetu.

Mama mkwe aliitwa Mama Bosibori. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na sikuweza. Alitupokea kwa mikono miwili, akatupa ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando, na alipoelewa kwamba tumekuja kwa ajili ya mtoto wa Kemunto, machozi yakamlengalenga. Akatuonyesha mkebe wake. Nyumba ilikuwa safi. Kwenye kona ndama alikuwa amefungwa kwa ajili ya baridi, sakafu imesiribwa kama ile ya mama yangu, na karibu na mlango palikuwa na kigoda cha Onchari. Chini ya kigoda unga mweupe ulikuwa umetanda kwenye mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Alikuwa akiukusanya kutoka hapo, kwa bawa la kuku, taratibu, juu juu, asichukue udongo. Kisha anauchunga mara nyingi mpaka unateleza vidoleni. Kazi hiyo yote aliifanya kwa mapenzi tu.

Bwana Odhiambo alisimama akitazama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ukimwambia huyu ni muuaji, atamfukuza Kemunto leo na sisi kesho. Hatujaja kumshitaki mtu. Tumeshuku vumbi." Kisha akamwomba, mimi nikitafsiri, achote kutoka mkebe wake kwa mkono wake mwenyewe na kutia kwenye mrija wetu.

Namna ya kumtafuta mdudu wa pepopunda tulivyofanya, ninyi wenye mashine mtacheka. Tunachemsha kwanza unga kwenye maji, vijidudu vya kawaida vinakufa, yeye amejikunja ndani ya ganda lake na wala hana habari. Kisha anatiwa kwenye mchuzi wa nyama uliochemshwa ukatoka hewa, juu tunaziba kwa mafuta mazito, maana hewa haitaki. Nyama nilikuwa nanunua mwenyewe sokoni Mosocho, na mchinjaji alikuwa ananisifu kwa kununua steki nikiwa bila mke. Baada ya siku kadhaa mrija wa Mama Bosibori ulikuwa umechafuka na kutoa harufu ya kukata pumzi. Chini ya hadubini nikawaona: vijiti vyembamba vyenye kichwa cha mviringo upande mmoja, vijiti vya kupigia ngoma kabisa. Nilipiga kelele. Bwana Odhiambo alitazama, akatazama tena, akasema, "Andika inafanana. Usiandike ndiyo." Hakuwahi kuniruhusu kuandika neno moja zaidi ya tulichokiona. Lakini usoni alikuwa na huzuni.

Tulirudi Tabaka na mrija ule. Mama Bosibori aliunusa, akakunja uso. "Kimekufa nini humu?"

"Hakijafa, mama," nikasema. "Kiko hai sana. Kimetoka kwenye mkebe."

Akaangalia mkebe, akaangalia tumbo la Kemunto. Kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kufundishwa kulijibu: "Sasa kitovu tukipake nini?"

"Msipake kitu. Kiacheni kikauke."

"Kitu hakuna?" Sauti ikapanda. "Mjukuu wangu aachwe hivi hivi, kama ndama aliyezaliwa porini? Watu watasema hana nyanya!"

Nilianza kueleza habari ya ngozi na hewa, nikajikuta nauelezea ukuta. Bwana Odhiambo akanivuta mkono. "Mtu wa ndizi, mikono ya nyanya lazima ipewe kazi. Ukiinyima, itaurudia unga." Akatoa kwenye mfuko wa koti chupa ndogo ya dawa ya zambarau, ile ya kupaka vidonda. Akamfundisha: kunawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kuchemsha wembe na uzi, kisha kupaka rangi ile kitovuni kwa pamba safi. Mama Bosibori alijaribu kwenye kidole chake. Kikawa zambarau. Akakionyesha mlangoni, kwenye mwanga, akatabasamu. "Hii inaonekana," akasema. "Jirani akija ataona nimempaka."

Onchari alihamisha kigoda chake chini ya kibanda nje, akalalamika mvua, akazoea. Ndama alijengewa pake. Na sakafu ilianza kunyunyizwa maji.

Kemunto alipaswa kujifungulia hospitalini. Mvua ya masika ikaharibu barabara, akajifungulia nyumbani, mikononi mwa mama mkwe wake. Habari ilitufikia kupitia mchuuzi wa vinyago, naye hakujua zaidi ya kwamba ni msichana. Ile wiki sikufanya kazi ya maana. Nilivunja mirija. Nilimpa kondoo chakula mara mbili nikasahau mara nyingine. Wiki ilipoisha Bwana Odhiambo alisema, "Nenda. Huku unanimalizia vyombo."

Nilipanda kilima cha Tabaka kwa miguu, matope mpaka magotini, nikisikiliza. Bomani palikuwa kimya. Niliogopa, nasema wazi, nikasimama kwenye njia nikijifanya nakwangua matope kwenye viatu. Halafu mtoto akalia. Akalia kwa hasira, mdomo wazi, sauti ya mtu aliyecheleweshewa chakula. Nilipiga nduru kama mwehu. Kemunto akatoka mlangoni akicheka na kulia, amempakata, kitovu cha zambarau, leso ya zambarau, na kidevu cha nyanya mtu kimechafuka zambarau pia. "Ananyonya!" akanipigia kelele. "Ananyonya mpaka anauma!" Shemeji wale waliokuwa na maneno mengi walikuwa wa kwanza kunichinjia kuku.

Wengine wangeishia hapo, na mimi ningependa. Lakini mtoto alipofikisha umri wa kushika shingo yake, Mama Bosibori alikuja Kisii peke yake. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko, na alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Bwana Odhiambo alimpa kiti na chai. Hakuigusa.

"Nyakundi," akasema, kwa Ekegusii, akiangalia meza. "Huyu hakupakwa unga, yuko hai. Wale wawili walipakwa. Ni mimi?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwangu, umepambwa vizuri. Nikasema, "Ni vumbi, mama."

"Vumbi halina mikono, mwanangu."

Bwana Odhiambo hakuelewa maneno, ila alielewa uso. Akaacha alichokuwa anafanya. Nikapiga magoti mbele yake ili tulingane macho, nikasema, "Ndiyo, mama. Ni unga uliopaka. Na hakuna aliyejua. Hata mimi nilipima, nikasema ni salama." Alilia bila sauti, mabega tu. Nililia naye, sioni haya kuandika. Nilidhani nimemvunja mtu mzee, na kwamba hayo ndiyo malipo ya kazi yetu.

Kisha akajipangusa kwa kitambaa cha kichwa. "Nipe chupa nyingine ya ile rangi."

"Ile ya kwanza imekwisha?"

"Haijaisha. Ng'ambo ya mto kuna msichana mjamzito, amebakiza siku chache. Mama mkwe wake ni rafiki yangu, tunaimba pamoja kanisani. Anajua unga wangu ni laini kuliko wa mtu yeyote. Nilimpelekea kabla hamjaja na mrija wenu, na bado anao." Akasimama. "Wewe ukienda kumwambia, atakupa maziwa, atakusikiliza, ukiondoka atapaka. Mimi nitamwambia kilichotokea kwa wajukuu wangu. Mimi ataniamini."

Nilimtafsiria Bwana Odhiambo. Akafungua kabati, akatoa chupa zote zilizokuwepo, akazifunga kwenye gazeti, akampa kwa mikono miwili kama mnavyompa mtu mzima kitu cha heshima. Nami nikavua koti langu nikamfuata, ilinibidi nitembee mbio ili niende naye sambamba. Tulivuka mto jua likiwa bado juu. Mtoto wa kule alizaliwa Ijumaa, saa chache kabla jua halijazama na Sabato kuingia, na kitovu chake kikapakwa zambarau.